Mahubiri ya Mtungi

Jumapili, 12 Februari 2006
Umeme umekatika katikati ya ibada. Tena! Baba akaendelea kuhubiri bila maikrofoni, kwa koo lake lililopasuliwa mwaka jana—waumini wa nyuma waliona midomo tu ikicheza. Mama Beatrice akalala. Akakoroma. Yeye alisikika.
Grace wa kwaya amenasa maneno ya wazee wa kanisa: mchungaji asiyesikika apumzishwe, aletwe kijana. Betri ya kanisa nayo imekufa, ya tatu hii. Baba hajui. Au anajua—ndizi za mchana hakuzigusa.

Jumatano, 15 Februari
Nimeshuka hadi sokoni Kwa Sadala, kwa Aminieli, fundi pancha. (Ndiyo, yule yule wa moyoni. Kimya, daftari.) Akacheka: betri ya nini? Ana mtungi wa chuma mrefu kunizidi. Umeme ukiwepo, pampu inaushindilia hewa. Ukikatika unafungua koki, hewa inatoka kwa hasira, inazungusha mashine yake ya kufungulia nati za lori, mashine inazungusha dainamo. Spika zinaongea!
Kwa muda gani? Akajikuna shingo. "Dakika kumi na nane, Ruth. Ishirini, Mungu akipenda."
Baba huhubiri saa nzima.

Ijumaa, 24 Februari
Mtungi umefungwa nyuma ya kanisa. Mlio wake—nguruwe wa Krismasi! Aminieli kauzungushia majani makavu ya migomba, umepungua kidogo. Alimwamkia Baba shikamoo mara mbili kwa woga. Baba akasema Neno la Mungu halipimwi kwa geji ya matairi. Ila hakusema uondolewe.

Jumapili, 26 Februari
Umeme ukakatika saa nne na robo. Nikafungua koki mwenyewe. Watoto wakalia, Mama Beatrice akashtuka akasema amina. Halafu sauti ya Baba—mpaka nje kwenye mibuni! Nilikaa na geji, nikimwonyesha Baba dirishani, kwa vidole, dakika zilizobaki. Dakika ya kumi na saba akamaliza, akaketi. Watu wakapiga makofi. Walutheri! Mzee Elifuraha, kinara wa kutaka Baba apumzike, akakiri hajawahi kuelewa mahubiri mpaka leo.
Nililia nyuma ya kanisa, mikono imejaa grisi. Aminieli akajifanya anakaza nati.

Jumapili, 5 Machi
Naandika ofisini, ibada inaendelea. Wazee wanaamua leo, wakitoka tu. Jana niliwasikia: abaki, ila awe mfupi vile vile. Nilimwambia Baba. Akanijibu nikapike.
Na leo umeme upo! Yuko dakika ya thelathini na mbili. Sauti imetulia, anatania, anacheka mwenyewe—sijamsikia hivi tangu alipougua.
Mzee Elifuraha kachungulia mlangoni, akaashiria kwa kidevu swichi kuu ya umeme, hapa ukutani. Ati nikizima, Baba atadhani ni mgao, afupishe. Akaondoka. Aminieli yuko nje, mkono kwenye koki, ananitazama mimi dirishani.
"Jambo la tatu," anasema Baba, "kati ya saba—"
Nimesimama kwenye swichi, daftari mkononi. Nimesimama tu.