Taulo Yako na Uso Wangu

Kwako uliyekuwa mume wangu,

Neno "mpendwa" nililiandika nikalifuta. Halikufai. Nakuandikia hadharani, mtandaoni, kwa sababu ujumbe wako wa juzi ulinikuta nikila, nikacheka hadi ugali ukanikwama. Miaka yote kimya, halafu: "Niaje. Ile dawa ya uso ulipewa Nakuru inaitwaje? Wife ameanza kutoka pimples na watu wa kwetu wanaongea. Nimempatia ile cream ya Mai Mahiu lakini sijui."

Hujui. Hapo angalau umesema ukweli.

Unakumbuka siku uliyonipeleka Njoro kunijulisha kwa mama yako? Nilikuwa mtu mzima aliyepita thelathini, nimevaa rinda nililoshonesha kwa siku hiyo tu, na kidevuni zilikuwa zimenitoka chunusi kubwa zenye maumivu, kama ilivyokuwa karibu kila mwezi kabla ya siku zangu. Shangazi yako alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, vile mtu hukagua viazi kabla ya kununua gunia. "Huyu damu yake ni chafu," akasema. "Lakini akizaa itatoka." Wanawake wakaitikia kama wako kanisani. Nikakutazama wewe, nikingoja useme neno. Ulicheka. Ulicheka mdomo wazi, meno yako ya kahawia yakaonekana hadi ya nyuma.

Tuongee kidogo juu ya meno hayo, maana mimi sikuwahi.

Ulikulia maji ya kisima cha Njoro, yenye floridi nyingi, na kila mtu wa huku kwetu anajua maji hayo huwafanyia nini watoto meno yakiwa bado yanaota. Hakuna anayeuliza. Mimi wa Molo, niliyekunywa maji ya mvua, sikukuuliza hata siku moja. Lakini kule Nairobi, kwenye harusi ya mwenzako wa kazini, jamaa mmoja mezani alikuuliza kwa sauti, "Boss, kwani wewe hupigangi mswaki?" Ulifunga mdomo ukaacha hata kutafuna. Ni mimi niliyejibu. "Ni maji ya kwetu. Yalimtia rangi meno akiwa mtoto. Si uchafu." Ulinishika mkono chini ya meza na hukuuachilia mpaka keki ikakatwa. Nilikupenda sana siku hiyo, mjinga mimi.

Na ni mdomo huohuo ulioniuliza, chumbani kwetu Karagita, "Kwani huoshangi uso?" Nilikuwa nikiuosha kutwa! Nilitoka kazini, kufunga maua shambani, nikausugua kwa kitambaa kigumu, nikapaka ndimu, nikapaka dawa ya meno kama mama yako alivyoagiza. Kila nilichopaka kiliniwasha, nawe ukanihakikishia kwamba kuwasha ndiko kufanya kazi. Dereva wa lori la maua, ghafla daktari wa ngozi.

Kisha ukaniletea kikopo cha krimu kisicho na jina kutoka Mai Mahiu. "Mathe wa kioski amesema hii inamaliza kabisa." Kweli uso ulilainika, ukang'aa, nawe ukanipeleka studio kupigwa picha, ukawatumia kina shangazi. Kikopo kilipoisha, uso uliwaka moto. Chunusi zilirudi na jamaa zao wote, ngozi ikawa nyembamba hata jua la asubuhi liliniuma. Ndipo ukatoa taulo yako kwenye msumari wetu, ukaitundika ukuta wa pili. "Isije ikaniambukiza," ukasema, kwa adabu kabisa. Yaliyofuata, begi lako mlangoni na msichana wa uso laini uliyemfuata, hayakuniuma nusu ya msumari ule.

Nilienda Nakuru kwa daktari wa ngozi nimejifunga skafu hadi puani. Alinitazama, akauliza habari za siku zangu na kila nilichopaka, kisha akauliza, "Nani alikuambia ni uchafu?" Nililia badala ya kukutaja. Alinieleza kwamba watu wazima hutoka chunusi vilevile, hasa wanawake, hasa kidevuni na kwenye taya. Homoni hupanda na kushuka, ngozi huzidisha mafuta, vinyweleo huziba. Haziambukizi. Kuzaa si dawa. Na kikopo chako, kwa maelezo yangu, kilikuwa na steroidi kali, inayotuliza uso kwa muda na kuuharibu ukiizoea.

Jina la dawa sikupi. Nikikupa utaenda kuinunua kioskini. Mpe mke wako simu asome mwenyewe.

Dada, hatujuani, na sina kinyongo na wewe. Hicho kikopo kibebe ukamwonyeshe daktari, akuelekeze namna ya kukiacha, kwa sababu uso unaweza kuchafuka zaidi kabla ya kutulia. Ndimu rudisha jikoni. Osha uso asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, inatosha. Usiminye chunusi, na jikinge na jua. Ukipewa dawa ya kupaka, mara nyingi kiasi cha punje moja ya minji, yaani njegere, kinatosha uso mzima. Mwanzo itakukausha, na utangoja miezi, si wiki. Kama una mimba au unaitafuta, mwambie daktari kabla hajakuandikia chochote. Zangu bado hutoka moja moja mwezi ukifika. Napaka dawa yangu, naenda kazini.

Nawe, uliyekuwa mume wangu, sikuachi bila kazi. Mkienda Njoro, shangazi atamshika kidevu amgeuze kwenye mwanga. Usicheke. Fungua mdomo, meno yako yaonekane, useme, "Si uchafu." Ni maneno mawili, na unayajua vizuri, ulisemewa siku uliyoyahitaji.

Lakini nakujua wewe. Kwa hivyo, dada, ukimaliza kusoma, inuka uangalie taulo yake iko kwenye msumari gani.

Ni mimi, aliyekuwa mkewe,
uso wazi.