Mrija Nilioonja Kwanza

Mdogo wangu Yoramu,

Wanasema uko Kagunga unaanika dagaa. Aliyeniambia ni dereva mwenzako wa zamani, alikuja kwenye cherehani yangu hapa Mwanga kupunguza suruali. Akasema umekonda, na umemwomba asiseme amekuona. Kasema. Ndio watu wetu hao.

Nakumbuka miaka ile wakimbizi wakivuka kutoka Burundi, nawe ukiendesha basi la kuwapeleka kambini. Ulikuwa ukirudi huongei. Siku moja nikakubana, ukasema, "Dada, leo tumepakia mama na mtoto, tumeshusha mama peke yake." Ukaanza gongo ili upate usingizi. Baadaye ukawa unaamka nayo, mpaka wakakunyang'anya basi.

Mimi na ujuaji wangu nikakufungia chumbani, nikidhani kiu ya pombe inaisha yenyewe kama mafua. Siku ya pili ukatetemeka, ukaanguka degedege. Hospitalini daktari alinigombeza mbele za watu: mtu aliyekunywa miaka hakatishwi ghafla bila dawa, anaweza kufa. Nilistahili. Ukalazwa, ukatibiwa, kisha ukaanza kile kikundi cha kila Alhamisi, na yule mshauri mpole aliyekuita kaka hata ulipokuwa unamtukana. Miezi minne hukugusa tone. Ukanipakia mlango rangi, vibaya kweli, lakini ukapaka.

Halafu nikaharibu. Nilijiambia mgonjwa akipona lazima apokelewe na ukoo, nikapika pombe ya ndizi, nikaita watu wote nyumbani Kidahwe. Ukanivuta pembeni. "Dada, mimi nipe maji tu."

Nikakujibu usiniaibishe mbele ya baba mdogo, kwamba kukataa mrija wa kunyonyea pombe ya ukoo ni kuwaambia wazee unawashuku. Nikaonja mimi kwanza, kama desturi inavyotaka, kukuonyesha haina sumu. Nikaufuta mrija kwa kiganja, nikakupa. Ulinitazama sana kabla ya kunywa. Baba mdogo akapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari. Wiki ile ile ukatoweka.

Siku hizi Alhamisi nafunga cherehani mapema, nakwenda mimi kwenye kikundi. Kuna kipindi cha ndugu wa wagonjwa. Nilikaa kimya mara tatu, ya nne nikasema nilichokufanyia. Hakuna aliyenishangaa, na hilo ndilo lililoniliza. Mshauri akasema kurudia kunywa si mwisho wa tiba, uje tu, mtaanzia hapo ulipo. Baba mdogo nilimfuata pia. Akasema desturi ni desturi. Nikamwambia hiyo imemla mtoto wetu, akaninunia mpaka leo. Watu nawaambia sijali. Najali, lakini wewe kwanza.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba usijikatishe pombe mwenyewe huko ufukweni, usije ukaanguka hakuna wa kukushika. Panda boti uje, hata ukiwa umelewa. Hospitali nitakupeleka mimi, na Kidahwe hatutakanyaga.

Najua utafika na kiu. Nitakupa maji, Yoramu. Nitaonja mimi kwanza.

Dada yako mkubwa,
wa mlango uliopakwa vibaya