KIDHIBITI JOTO CHA CHUMBA CHA KUFULIA KUGUSWA BILA RUHUSA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 9 (CHA DHARURA) CHA KAMATI, USHIRIKA WA NYUMBA FURULIA, TYNSET

Tarehe: Alhamisi, 11 Januari 2024, saa 11:00 jioni
Mahali: Chumba cha kufulia

Waliohudhuria: Bw. Steinar Haugland (Mwenyekiti), Bi. Turid Nygjelten (fundi umeme, mjumbe), Mzee Oddvar Sætren (nyumba Na. 6, aliitwa), Bi. Gunnvor Lillebakk (Katibu)
Udhuru: Bi. Marit Lillebakk (Na. 2), binti wa Katibu, ana mtoto njiti aliyetoka hospitali siku kumi na nane zilizopita.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amevaa koti. Alieleza kwamba kesho hadi Jumapili baridi itafika nyuzi 36 chini ya sifuri, na kwamba Jumanne fyuzi kuu ilikatika, nyumba zote sita zikakosa umeme kwa saa nne. Na. 2 ilishuka hadi nyuzi 13. Daktari alikwishaagiza chumba cha mtoto kisishuke chini ya 21.

KUMB. NA. 2/9: MAELEZO YA FUNDI
Bi. Turid alieleza kwamba pampu ya joto ya nyumba zote, ambayo kidhibiti chake kiko chumba hiki, haina kosa. Kumbukumbu ya mashine inaonyesha kuwa kila alfajiri tangu Jumamosi mtu amepandisha kidhibiti hadi 27, kisha akakishusha hadi 18 ya kawaida. Pampu ikiona pengo kubwa kati ya namba hiyo na joto lililopo huita hita za umeme za akiba, na majiko ya kahawa yakiwashwa pamoja nazo, fyuzi haistahimili. "Ile namba ni mahali pa kufika, siyo mwendo," alisema. "Wekeni 21, mtoe mikono."

KUMB. NA. 3/9: ALIYEGUSA
Mwenyekiti alisema Mzee Oddvar ameonekana mara tatu akitoka chumba hiki asubuhi. "Mzee, wewe kuni zimekukaa kichwani. Unadhani ukitupia nyingi nyumba itapata joto upesi."

Mzee Oddvar alijibu kwamba alikuja kufua soksi. "Na kuni nilikuwa natia kabla wewe Steinar hujajua kufunga suruali."

Mwenyekiti alipendekeza Mzee apewe onyo la maandishi. Mzee alisema, "Andikeni tu. Mmeshazoea kuniandika."

Katibu aliomba kusema. Mwenyekiti aliuliza kama haiwezi kungoja. Katibu alisema haiwezi.

Katibu alieleza kwamba aliyegusa ni yeye. Kila alfajiri alipitia Na. 2, akashika miguu ya mjukuu wake, akaiona ya baridi, akaja hapa kupandisha. Baadaye alishusha ili isijulikane. Jumanne umeme ulipokatika alijua ni mkono wake. Alimkuta Marit amemweka mtoto kifuani ndani ya makoti mawili, lakini hakumweleza kwamba ni yeye aliyegusa. Katibu alisema anaogopa, na kwamba ameketi hapa akiandika Mzee anavyotukanwa kwa kosa lake yeye Katibu.

Mwenyekiti alishauri maneno hayo yasiingie. Katibu alikataa, yameingia.

KUMB. NA. 4/9: USIKU WA LEO
Mzee Oddvar alieleza kwamba lile jiko la kuni ambalo kamati iliamuru litolewe Na. 6 mwezi wa kumi, bado lipo. Mwenyekiti aliuliza kwa nini. Mzee alisema, "Kwa sababu ninyi ni wakaidi na mimi pia."

Alisema chumba chake kina 23 sasa hivi, bila umeme hata kidogo.

Iliamuliwa: kidhibiti kibaki 21, ufunguo wa kisanduku cha kidhibiti ashike Bi. Turid, amri ya kutoa jiko isitishwe, Marit na mtoto wahamie Na. 6 hadi Jumatatu.

Katibu alimwomba Mzee Oddvar radhi mbele ya kamati.

Mzee alisema, "Radhi utaniomba kesho, mwanangu. Nenda kamlete mtoto."

KUMB. NA. 5/9: KUFUNGA
Katibu alitoka saa 12:05 jioni. Haya ya mwisho yameandikwa na Turid. Mwenyekiti alikwenda kubeba kuni. Kikao kikawa kimekwisha.

Mwenyekiti: S. Haugland
Katibu: (yuko Na. 6)