Pale kwa Mama Wei Hakukuwa na Vyura

Kaka Eli,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumjulia mtu hali, halafu kusema dhumuni. Hali yako sithubutu kuuliza. Shikamoo tu. Dhumuni ninalo, na ni zito, ndiyo maana nimezunguka nalo tangu mwezi wa pili.

Nianze na ya nyumbani. Ng'ombe amezaa ndama jike. Ile migomba uliyopanda upande wa mfereji imetoa mikungu miwili. Koti lako jekundu la mlimani, lile uliloachiwa na mgeni, mama analivaa asubuhi akienda kukata majani. Mikono imemzidi, ameikunja mara mbili. Mimi niko kidato cha tatu. Ulisema nikifika kidato cha tatu nitaacha aibu. Nimefika, na aibu imefika nami.

Sasa dhumuni. Kaka, pale kwa Mama Wei hakukuwa na vyura.

Unakumbuka siku ya kwanza. Nilikuwa kidato cha kwanza, siku ya kutembelewa. Wewe ulikuwa umeshuka mlimani jana yake, midomo imepasuka kwa baridi, bega bado lina alama ya mzigo. Ukaniombea ruhusa kwa matroni, ukasema leo hatuli chipsi. Ulikuwa umesikia kwa wapagazi wenzako kwamba Njoro, pale Moshi mjini, kuna hoteli ya Wachina ambako Wachina wenyewe ndiko wanakokula. Tukazunguka mpaka nyuma ya yule fundi wa pancha. Hakuna kibao, karatasi nyekundu tu imebandikwa mlangoni, meza tano zenye vitambaa vya nailoni, nguo zimeanikwa uani, na mtoto anafanya hesabu za shule kwenye meza ya pembeni. Nilidhani tumeingia sebuleni kwa mtu.

Mama Wei, mwenye hoteli, akaleta ile karatasi ya vyakula. Hukuitazama hata kidogo. Ukaisukuma kwangu. "Soma, msomi," ukasema, halafu ukamgeukia yeye ukamwambia mdogo wako anasoma kwa Kiingereza kitupu, kuanzia asubuhi mpaka kengele ya jioni.

Wewe uliishia darasa la saba. Ulibeba mizigo ya watu ili mimi nikae kwenye lile darasa. Nami nilikuwa na miezi mitatu tu ya Kiingereza hicho kitupu, na muda mwingi nilikuwa nimenyamaza, maana ukikosea wanakucheka na ukisema Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Niliangalia ile karatasi. Upande mmoja Kichina, upande wa pili Kiingereza. Wali niliuona. Yai nililiona. Samaki nilimwona pia, lakini amezungukwa na maneno ambayo sijawahi kukutana nayo. Nikajua nikikwambia samaki utauliza amepikwaje, na nikisema sijui utaniambia nimuulize mwenyewe. Mimi ni afadhali nipande mlima peku kuliko kumuuliza swali mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo nikapitisha kidole juu ya karatasi nikasema: hawa ni vyura, hapa nyoka, huku chini konokono, cha kulika ni namba saba tu, tambi za mayai.

Ulicheka mpaka yule mtoto akainua kichwa kwenye daftari. Hukunishuku. Wewe uliyewajua waongo wote wa mlimani, wale wageni wanaosema hawaumwi kichwa huku wanatapika, hukumshuku mdogo wako.

Tukala namba saba. Tukala namba saba miaka miwili, kaka. Kila siku ya kutembelewa. Ukavijua vijiti vyao vya kulia kabla yangu, ukasema ni kama kuwasha moto penye upepo, ukiharakisha umekosa. Meza ya jirani waliletewa samaki mzima anafuka moshi wa tangawizi, nawe ukamfuata kwa pua mpaka alipotuliwa. "Chura huyo ananukia vizuri," ukaniambia. Mimi nikainamia bakuli langu.

Yangebaki yetu wawili, labda nisingeandika. Lakini ukaenda kumwambia mama.

Ulitaka sana kumpeleka. Ulisema tangu aolewe mama hajawahi kuketi chini mtu mwingine akampakulia. Na kwa kuwa wewe hufichi kitu, ukamsimulia na vyura, kwa mzaha. Mama akasema yeye aingie nyumba inayopika nyoka, akitoka huko atanawa kwa maji gani? Ulimwomba mara tatu. Ya mwisho ilikuwa Krismasi, watu wote wako nyumbani. Ukamwambia, "Mama, tutakula tambi peke yake, nakuapia." Akakujibu sufuria ni ile ile. Ukacheka, ukaacha. Baada ya mwaka mpya ukapanda na wageni kwenye ile mvua, ukarudi na homa ya mapafu, na mwezi wa pili tukakulaza kihambani, kwenye migomba yetu, chini kidogo ya kaburi la babu.

Tangu hapo mama alikuwa hali chakula. Anapika, anapakua, anatia kijiko mdomoni mara mbili, anasukuma sahani. Na kila anapoisukuma anasema neno moja. Alilisema kwangu, akalisema kwa shangazi, akalisema hata mbele ya mchungaji alipokuja kutuombea: "Tangu aanze kazi mwanangu aliniomba kitu kimoja tu, nikale naye. Nikamnyima."

Nilikuwa nikiinamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi. Lakini yalikuwa na kitu kingine ndani, na nilikijua jina.

Wiki iliyopita, likizo imeanza, tulikuwa tunakata majani karibu na mfereji. Nikamwambia nikiwa nimempa mgongo, usoni nisingeweza. Nikasema yote, karatasi, vyura, nyoka, konokono, kwamba sikuwa nimeelewa kitu na niliona aibu mbele yako. Mundu wake ukasimama. Kisha ukaendelea. Akafunga mzigo wake, akajitwika, akaniacha na wangu.

Siku mbili hakunisemesha ila habari za ng'ombe. Siku ya pili jioni nikakata jani la isale pale mpakani, nikaliweka mezani mbele yake, kama watu wazima wanavyofanya wakikoseana. Sikujua kama mtoto anaruhusiwa kumpelekea mamaye isale. Wa kumuuliza ungekuwa wewe. Najua tu kwamba kwetu ukishaletewa jani lile huwezi kulirudisha, ni lazima usamehe. Mama akaligeuza kwa kidole. Akaniuliza kama kuna mtu amenituma. Nikasema hapana. Akalichukua, akalichomeka kwenye mfuko wa koti lako, akaenda kulala.

Jumamosi iliyopita asubuhi nikamkuta amevaa kitenge cha kanisani, amefunga fungu la mboga ya chainizi kwa kamba ya mgomba.

"Vaa," akasema. "Tunakwenda kula hao vyura."

Kaka, hakuna kilichobadilika pale. Meza ni zile zile. Wei, yule mtoto wa hesabu, amerefuka. Mama Wei akatuona, akaangalia nyuma yetu, mlangoni, akauliza kwa Kiswahili chake cha soko la Pasua kama kaka yuko mlimani. Kiswahili safi, cha kupatana bei ya nyanya. Siku zote ungeweza kumuuliza mwenyewe kila kilichokuwa kwenye ile karatasi. Hukuuliza, kwa sababu ulitaka nisome mimi.

Mama akanitazama. Hakunisaidia.

Nikasema, "Alifariki. Mwezi wa pili."

Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo. Nyumbani kila mtu alilijua, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mama Wei akasimama na kitambaa cha kufutia meza mkononi. Akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili, akasema pole, akaingia jikoni. Aliporudi alikuwa na mabakuli matatu. La tatu akaliweka upande wako, na wali ndani yake, na vijiti vimelazwa kando. Mimi nikaogopa. Mama ni Mlutheri wa benchi la mbele, unamjua. Lakini alilitazama tu, akasema kwa Kichagga kwamba bibi naye alikuwa akimwaga mbege kidogo chini kabla ya kunywa, na hakuna aliyemfukuza kanisani.

Halafu ikaja karatasi. Nikaishika. Nikamwambia Mama Wei kwamba nusu ya maneno haya siyajui na naomba anielekeze. Dunia haikupasuka. Alivuta kiti akakaa nasi, akaonyesha kwa kidole mstari kwa mstari: huyu ni kuku na karanga, huyu bata, hii ni kama jibini lakini ya maharage. Nikamuuliza vyura wako wapi. Akasema kwao wanaliwa kweli, ila hapa Moshi hajaona mwenye mapaja ya maana. Mama akacheka, kaka. Kile kicheko cha puani. Sikuwa nimekisikia tangu Krismasi.

Tulichukua samaki. Alipoletwa, Mama Wei akaizungusha sahani mpaka kichwa kikamwelekea mama. Mama akauliza amekosa nini mpaka samaki amkodolee macho. Akaambiwa kwao kichwa humwelekea mkubwa wa meza. Basi mama akakaa wima. Mtu aliyekulia mahali ambapo mbuzi akichinjwa kila pande lina mwenyewe, anayejua kidari ni cha nani bila kuuliza, hahitaji kuelezwa mara mbili. "Kumbe nao wanagawa," akasema, akaanza kula. Alikula mpaka upande wa pili wa samaki. Ile chainizi yake ikarudi kutoka jikoni imekaangwa na vitunguu saumu, bado inang'aa, na mama akakiri kwamba miaka yote amekuwa akiichemsha mpaka inakufa.

Tulipokuwa tunanawa akasema bila kunitazama: "Wewe ulidanganya kwa aibu, mimi nikakataa kwa kiburi, yeye akala tambi. Tumeshalisema. Sasa usilibebe peke yako."

Mama Wei anakuja kesho baada ya ibada, yeye na mume wake na Wei, kuona kaburi. Mama ameshamenya ndizi za machalari. Tulipoagana Mama Wei alitaka kujua akuletee chakula gani unachokipenda. Nikamwambia sijui, kaka. Sijui ungependa kipi, kwa sababu sikukupa nafasi ya kuonja. Akasema basi ataleta kidogo cha kila kitu.

Kwa hiyo kesho nitawapokea barabarani, nitawaleta mpaka ulipolala, na mbele ya watu wote mimi ndiye nitakayesema. Nitakutajia kila bakuli na kilichomo ndani yake, na kama kuna nisilolijua nitauliza hapo hapo, kwa sauti, nawe ukisikia. Hivyo ndivyo nitakavyosoma kuanzia sasa, hata darasani, hata wakicheka.

Pumzika, kaka. Mama analala vizuri.

Mdogo wako,
Aikande