Nilimcheka Mama wa Pweza, Sasa Namtumia Pweza kwa Siri

Shangazi mpendwa, mshauri wetu wa kila Jumamosi, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana nimefanya jambo la kijinga mbele za watu na kila nikitaka kulitengeneza naogopa nitalivuruga zaidi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, naandika programu za kompyuta katika ofisi ya watu tisa, juu ya duka la vitambaa, na kazi yetu kubwa ni programu ya zahanati inayowatumia wazazi ujumbe kuwakumbusha siku ya chanjo ya mtoto. Sasa ili unielewe, sisi huandika ndani ya kitu kinachoitwa kihariri, ni kama daftari la ndani ya kompyuta, na ofisini kwetu vipo viwili vya zamani sana, vilitengenezwa kabla sijazaliwa na mpaka leo wapo watu wanaojitolea kuvirekebisha bila malipo, na sisi tumegawanyika kama mashabiki wa mpira. Cha kwanza tunakiita Kobe, ndicho changu, hataki kipanya, kila kitu ni kwa vitufe, na ukimfungua ukaanza kuandika haandiki mpaka umpe amri ya kuandika, jirani yangu wa mezani alipomfungua mara ya kwanza alishindwa kutoka ndani yake mpaka akachomoa waya ukutani, na siku hizi ndiye anayemtetea kuliko sisi sote. Cha pili ni Pweza, tulimpa jina hilo kwa sababu amri zake zinataka ubonyeze vitufe vitatu vinne kwa pamoja kama una mikono minane, na ndani yake unaweza kusoma barua, kupanga kalenda na kucheza karata, na ukibahatika utaandika na programu kidogo.

Mwenye Pweza ofisini ni mmoja tu, mama wa miaka hamsini na nane, ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia, na si kwamba anamtumia tu, yeye ni mmoja wa wale wanaojitolea kumtengeneza. Miaka sita tumetaniana. Nikimwamkia, "Shikamoo mama, vidole havijafungana fundo leo?" ananijibu, "Marahaba, wewe umeshapata mlango wa kutokea?" na ofisi nzima inacheka, na mimi nikajiona bingwa wa maneno.

Mwezi uliopita tukaletewa bosi mpya, kwenye kikao cha kwanza akauliza hivi hicho kihariri cha Pweza bado kina wenyewe, na mimi nikadakia, "Wapo, bosi, ila wanapungua kila msiba." Watu walicheka sana. Mama naye alicheka, lakini alicheka amechelewa kidogo, na tangu siku hiyo nikimwamkia anaitikia marahaba na kuishia hapo.

Wiki iliyofuata bosi akabandika tangazo kwamba kuanzia Jumatatu hii inayokuja sote tutatumia kihariri kimoja kipya chenye rangi nyingi, na akaandika kabisa, "kwa kuwa wafanyakazi wenyewe wamekiri kwamba vya zamani vimekwisha muda wake." Hao wafanyakazi ni mimi, Shangazi.

Sasa sikia la kunikosesha raha. Siku moja mchana wote wametoka kula, mimi nikarudi kuchukua simu yangu, nikamkuta mama anaandika, vidole vinakwenda, na skrini yake imezimwa, nyeusi tii. Nilisimama nikidhani nimeona vibaya. Akageuka, waya wa hedifoni ukachomoka, na kompyuta ikaanza kusoma kwa sauti ule ujumbe wetu wa chanjo, kwa Kiswahili cha mgeni aliyeshuka jana, "dhahabu" ingekuwa "dahabu", "ng'" ndiyo kabisa ilikuwa inakwama kama mwiba kooni.

Akaniambia, "Umeona?"

"Nimesikia, mama."

"Basi iwe umesikia peke yako."

Nikavuta kiti nikakaa. Akanieleza kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia anaona kama anachungulia kupitia kitako cha chupa, daktari amesema halitapona ila halitaharibika haraka, na kwamba kazi anaiweza kwa sababu Pweza anamsomea kila mstari na mikono yake imemzoea kwa miaka ishirini na sita, kwenye kihariri kingine angeanza upya kama mtoto. Hiyo sehemu ya Pweza inayosoma kwa sauti ndiyo anayoitunza yeye, yeye na mwenzake wa nchi ya mbali ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso, wameandikiana miaka tisa.

"Alifariki wiki mbili kabla ya kile kikao," akasema. "Sasa nimebaki peke yangu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikachukua simu yangu nikatoka, na chakula sikula.

Tangu siku hiyo nimemweka Pweza kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, mwanzo nilitaka tu kusikia anachosikia mama, kisha nikaanza kutafuta kwa nini sauti inakwama, na asubuhi za Jumapili tatu mfululizo nimekaa mezani mpaka nimepata rekebisho, sasa "ng'" inatoka na "dh" na "gh" zinatoka. Lakini sijalituma, kwa sababu likipokelewa jina langu litaandikwa kwenye orodha ya watengenezaji wa Pweza na wenzangu wa Kobe wataliona, na vilevile kwa sababu, nakuambia wewe tu, nimeanza kumpenda huyo Pweza, juzi nimepanga kalenda yangu ndani yake. Je, nimwambie bosi habari za macho ya mama ili afute lile tangazo, au ninyamaze kama nilivyoombwa? Nimwombe mama msamaha vipi mtu ambaye hajasema nimemkosea?

Mimi, mwenye mdomo mwepesi

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako ilinifikia Alhamisi na ukurasa wa Jumamosi hiyo ulikuwa umekwisha kupangwa, ndiyo maana nilikupigia simu badala ya kungoja. Niliyokuambia nayaandika hapa kwa faida ya wengine wenye mdomo kama wako, ambao nikiwahesabu tutajaza gazeti.

Kwanza nikiri kwamba vihariri sivijui. Nilimwuliza shemeji yangu anayefanya kazi kama yenu, nikajuta, maana alinieleza mpaka chai ikapoa na mwisho nikagundua kwamba naye ni mtu wa Kobe na alikuwa ananishawishi. Lakini watu nawajua.

Hukujua kuhusu msiba. Hilo nakuhurumia, na usijipige sana kwa jambo usilolijua. Ila ulijua kwamba yule ni mwalimu wako, ulijua kwamba bosi ni mgeni na hajui utani wenu, na bado ukamuuza mama wa watu kwa kicheko cha nusu dakika. Utani wa miaka sita ulikuwa wenu wawili, kila mmoja anarusha na mwenzake anadaka. Pale kikaoni ulirusha mbele ya mtu mwenye madaraka, na mwenzako hakuwa na namna ya kujibu. Hilo ndilo kosa, na ndilo la kuombea msamaha.

Nenda kwake wewe mwenyewe. Usimwandikie kwenye simu, usimpelekee zawadi, usianze na mzaha. Yataje yale maneno kama yalivyotoka, sema yalikuwa mabaya, kisha nyamaza umpe nafasi. Akikasirika, mwache akasirike.

Habari za macho si zako. Usizipeleke popote, hata kwa nia njema. Kwa bosi peleka kilicho chako, nacho ni ulimi wako. Mwambie, "Yale niliyosema kikaoni yalikuwa utani, hayafai kuwa sababu ya kubadilisha kazi za watu tisa." Atakasirika kidogo, hatakufa, nawe hutakufa.

Na lile rekebisho litume kwa jina lako kamili. Unaogopa jirani aliyechomoa waya ukutani?

Hayo tuliyazungumza Alhamisi, na kwa kuwa jibu hili limechelewa wiki moja, wasomaji wangu mna bahati, kwani binti ameniandikia tena. Alikwenda Ijumaa asubuhi kabla wengine hawajafika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nilikasirika. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja." Halafu akamwuliza kama amekunywa chai.

Kwa bosi binti aliingia peke yake na kutoka amenuniwa. Lakini saa nne mama aliinuka mwenyewe, akabeba kompyuta yake mpaka ofisini kwa bosi, akazima skrini mbele yake na kumwambia amtajie kasoro yoyote kwenye programu ya chanjo aitengeneze. Bosi alitaja moja iliyokuwa imewashinda tangu mwezi uliotangulia. Mama aliitengeneza palepale, bosi akiwa amesimama. Kisha akamweleza habari za macho yake, kwa maneno yake na kwa wakati aliouchagua yeye, na ndiye aliyeruhusu nami nizichapishe hapa. Tangazo lilibanduliwa mchana, na bosi akaomba kila mtu abaki na kihariri anachokiweza. Watu wa Kobe wanadai ushindi ni wao.

Na rekebisho, je? Binti analalamika kwamba alilituma Jumamosi, na Jumapili lilirudi kutoka kwa mama likiwa na masahihisho kumi na moja, bila hata neno la asante. Anauliza kama hiyo ni dalili kwamba bado hajasamehewa.

Mwanangu, mtu asiyekutaka angelipokea rekebisho lako lilivyo, au angekaa kimya. Huyu amekaa na jicho moja la shida akasikiliza mistari yako mmoja mmoja, mara kumi na moja akasimama kukuonyesha. Amepata mwenzake wa kazi na anataka adumu. Kwa hiyo kaa chini uyafanye masahihisho yake, uyarudishe kabla ya Alhamisi, na mwezi ujao mwombe sehemu nyingine ya kutunza, kubwa kuliko hii.

Kumi yafanye bila kubisha. Lile la tano, analosema maelezo uliyoandika juu ya rekebisho yasimalizwe kwa nukta, libishie, na umbishie kwa nguvu zako zote kama zamani, maana naamini analingoja. Nami niko upande wako: sentensi humalizwa kwa nukta.