Ndugu Niliyemwandika Kwenye Fomu

Alhamisi, alasiri. Mvua imegoma na joto limekaa chini ya bati kama mgeni asiyetaka kuaga. Nimerudi nyumbani mapema, nimefunga mlango, sina hamu ya kula. Naogopa. Niseme hivyo kwanza, halafu nieleze.

Kazi yangu ni kupima mawe. Wanunuzi wanaleta koltani kwenye maabara yetu, mimi naangalia madini ni kiasi gani na udongo ni kiasi gani. Miaka yote nilitumia kifaa kilichotengenezwa China na hakikuwahi kuniangusha. Mwaka huu tumepata mteja mkubwa kutoka Marekani, na sharti lake la kwanza likawa kile kifaa kiondoke. Kikaondoka kikiwa kizima.

Kisha ikaja zamu ya simu. Sasa tunaziacha kwenye kikapu kwa mlinzi, kwa sababu nazo zimetoka kulekule, na hapa Rubavu ukitafuta simu isiyotoka kule utazeeka. Mwanzoni tulicheka sana. Mlinzi mwenyewe alikuwa analinda kikapu huku anaongea kwenye simu ya aina ileile.

Wiki mbili zilizopita ikaja fomu, na hapo kicheko kikaisha. Mteja anataka mtu wa kusimamia maabara yote, na bosi alinipendekeza mimi. Fomu iliuliza wazazi wangu ni nani, ndugu zangu ni nani, na kama kuna anayefanya kazi kwenye kampuni ya China. Sikusita. Niliandika: Olivier, mdogo wangu, mkalimani wa Wachina kwenye mgodi mmoja, Kolwezi.

Olivier ni mtoto wa baba yangu mdogo. Baba mdogo alipofariki Goma, mama yangu alivuka na Olivier mpaka wa Petite Barrière akiwa amembeba mgongoni, akamleta kwetu. Tumelala kitanda kimoja, tumeugua surua pamoja, tumechapwa kwa kosa moja. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni ndugu, basi. Ukimtambulisha kwa watu kama “mtoto wa baba mdogo” naye amesimama pale, umemtukana.

Leo asubuhi nikaitwa. Mzungu anayeshughulikia fomu ni mtu mpole, alinimiminia chai yeye mwenyewe. Akauliza kama mimi na Olivier tumezaliwa na wazazi walewale. Nikasema hapana. Alifurahi kweli, akidhani amenisaidia. Akanipa barua aliyokwisha kuiandaa: Olivier si ndugu yangu, ni jamaa wa mbali, na hatuwasiliani. Kesho saa nne anataka sahihi. Bila sahihi sipati cheo, na hata sampuli za mteja sitaruhusiwa kuzigusa tena. Sampuli za mteja ndizo kazi yote tuliyobaki nayo.

Nimekuwa nikiwawaza hao wakubwa wawili, Marekani na China. Hawajarushiana hata jiwe. Kwenye habari wanapeana mikono, wanatabasamu, halafu kila mmoja anazungushia uzio bandari zake, reli zake, migodi yake, watu wake. Hakuna anayesema imeanza lini wala itaisha lini. Vita sisi tunavijua, unasikia mlio unajua ukimbilie upande gani. Hili halina mlio. Linakumiminia chai.

Nikiri jambo. Nilikuwa nimeshaamua kutia sahihi kabla sijafika barabarani. Nakitaka hicho cheo, na nilijipa moyo kwamba Olivier hatajua kamwe.

Nikapita kwa mama, nadhani nilitaka anigombeze. Alikuwa anachambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

“Bon, we andika tu,” akasema. “Olivier aliishaandika zamani, ku fomu ya Bachina. Aliandika haiko na dada.”

Nikamuuliza nani alimshauri hivyo.

“Mi. Batu bakianza kuuliza ndugu yako ni nani, iko kitu banatayarisha. Muandike vile banataka, mubakie bazima.”

Akaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. Hakusema alijifunza wapi, na mtu wa umri wake hapa, aliyeyaona mauaji ya miaka ile, haulizwi.

Aliniambia tu kwamba Olivier aliandika kabla ya Krismasi.

Krismasi ileile aliyokuja hapa, akala kwangu siku tatu, akawabeba wanangu mabegani mpaka ufukweni, akiniita dada kila baada ya maneno mawili. Imeniuma. Imeniuma hata kama mimi mwenyewe nilikuwa na barua yangu kwenye mkoba, na najua sina haki ya kununa.

Kesho nitatia sahihi. Sitajidanganya hapa kwamba bado nafikiria.

Nilipofika nyumbani nikampigia Olivier. Nilitaka kumwambia kwamba simlaumu, na kwamba kwenye karatasi tu ndiyo tumeachana. Simu ikaita mara tatu. Nikakumbuka maneno ya barua, kwamba hatuwasiliani, na kidole changu kikakata kabla hajapokea. Sahihi yenyewe bado sijaitia.

Saa nzima imepita. Olivier ni mtu wa kupiga papo hapo akiona nimemtafuta, hata akiwa kazini, hata kama ni kunitania tu. Namba yangu ameiona.

Hajapiga.