Bango la Maji Salama Lina Sahihi Yangu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana maji yamenifika shingoni na hata pa kuanzia sipaoni.

Mimi ni mwanamke, nimeolewa, nafanya kazi kwenye maabara ya mji ya kupima maji, na kila wiki nateremka ufukweni na chupa zangu sita ndani ya sanduku la barafu nichote maji ya bahari tupime kama yana kinyesi, na kimo, Mshauri, kimo tele, kwa sababu mtambo wa kusafisha majitaka uliharibika mwaka juzi na tangu hapo kila kitokacho vyooni mwetu kinapita bombani moja kwa moja hadi baharini, lakini mkuu wetu wa maabara alinifundisha siku ya kwanza tu kwamba sampuli huchotwa maji yakiwa yamejaa, tena upande wa kwenye mawe, mbali na bomba, akasema, "Ukichota maji yamekupwa utatutafutia maneno, bibie," basi nami kila wiki naangalia ratiba ya maji kujaa, nachota, napima, majibu yanatoka mazuri, natia sahihi, na nakala inabandikwa kwenye bango la ufukweni lililoandikwa MAJI NI SALAMA KUOGELEA.

Sasa mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, ana magoti mabovu, na hospitali walimshauri awe anatembea ndani ya maji, kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi anaingia baharini hadi kiunoni yeye na wenzake wanne, na wakipita kwenye bango anawaonyesha sahihi yangu, "Huyu ndiye mkwe wangu, msomi huyu, akisema maji ni salama jueni ni salama," nami nimebaki kumwambia mama leo kuna baridi, mama leo upepo mkali, mama nasikia kuna samaki anayechoma, na yeye anacheka tu, mpaka wiki iliyopita akaharisha siku tatu na kidonda chake cha mguu kikavimba, na mume wangu akanigombeza eti siku hizi sioshi mboga vizuri, nikaomba radhi, Mshauri, nikaomba radhi ya mboga, maana niliona heri lawama hiyo kuliko ile nyingine, na sasa amepata nafuu amerudi majini. Nikisema ukweli kazi sina, na mama mkwe hatanitazama usoni tena. Nifanye nini?

Ni mimi, Mwenye Chupa Sita.

JIBU

Mwenye Chupa Sita, pole. Itunze pole hiyo, hutapata nyingine.

Mkuu wenu ana dhambi yake, na wale walioacha mtambo ukaoza tangu mwaka juzi wana kubwa zaidi, na ningekuwa nao hapa ningewamiminia kila mmoja glasi ya maji hayo nikawaambia karibuni. Kutujazia bahari mavi halafu mtubandikie bango! Lakini chupa imeshikwa na wewe, mwanangu. Unaivizia bahari ikiwa imejipaka poda, kisha unatuambia ndivyo ilivyo.

Na huo uongo wako wa samaki anayechoma umemtungia mama mkwe peke yake. Wale wenzake wanne hawana mkwe maabara. Watoto wanaoogelea pale nani anawatungia cha kuwatisha? Mficha uchi hazai, na wewe umeficha uchi wa mji mzima ukautia sahihi.

Anza na mama. Mkalishe umwambie, "Mama, yale maji yana kinyesi, na mimi nilijua." Usimtaje mkuu wako kwanza, sema nilijua. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki yote. Kisha mpeleke hospitali na huo mguu, na umweleze daktari anakotembea, maana daktari akiambiwa mboga atatibu mboga. Mumeo naye umwambie jioni hiyohiyo, na radhi yako ya mboga uifute, umwombe ya maji.

Halafu chota maji yakiwa yamekupwa, pale pale mdomoni mwa bomba. Andika saa na mahali, pima, na majibu uyapeleke kwa mkono kwa mganga mkuu wa mji, wakugongee muhuri wa kupokea. Nakala moja baki nayo, nyingine ilete hapa gazetini. Usitie tena sahihi kwenye maji ya kuvizia hata ukiamriwa, na ile iliyoko ufukweni kaibandue mchana, watu wakikuona na wakikuuliza. Kazi inaweza kukuponyoka, sitakudanganya, uongo umeshatosha. Utatafuta nyingine. Bibi mwenye kidonda mguuni hatafutiwi mguu mwingine.

Jambo la mwisho. Barua yako uliiandika Jumatatu mchana, na safu hii hutoka Jumamosi. Wakati ukisubiri jibu langu, mama mkwe wako ameingia majini mara tano.